Kidole ya Dauda

Kijiwe yetu iko pale mutu hawezi kupita bila kusemwa. Ni ubao moja ya mutumbwi ya zamani, tumeiweka juu ya mawe mbili nyeusi za volkano, mbele ya mulango yangu, mu kampi ya Waswahili hapa Gisenyi. Ukikaa kushoto unaona ziwa. Ukikaa kuume unaona njia ya voiture, ya motokaa, inashuka kutoka ku dispensari. Mi ndiye Shangazi, wengine wananiita Mama Tangawizi, juu ya kahawa yangu: unakunywa kikombe moja, jasho inatoka mpaka nyuma ya masikio. Watu ya milima, Wabeleji wamewalimisha kahawa, wanaivuna, wanaipeleka, hawajui hata utamu yake. Sisi tunaikunywa. Na tukikunywa tunasema, na mi nikicheka, hahahaa, kule Mbugangari wanajua Shangazi ameamka. Lakini ile Jumatano nataka kuwaambia, kicheko iliniisha.

Asubuhi ile walikuwa watatu. Habiyaremye, anafanya kazi ku mashua kubwa ya mizigo, tunamuita Sirene, honi ya mashua, juu ya sauti. Yeye akinong'ona, ng'ombe za Kanama zinageuza shingo. Pembeni yake Hitimana, alipikia wazungu miaka kumi na moja, tunamuita Musiyé, namna wazungu wanaitana. Mpaka leo anashika kikombe na kidole ndogo iko juu kama jogoo inataka kuwika. Na mzee Muhamadi, muuza ngozi, anasomesha watoto Kurani. Yeye tunamuita Ndiyo-Lakini. Mwambie jua imetoka, atakujibu: ndiyo, lakini.

Basi tunamuona Dauda anashuka. Dauda ni fundi ya kushona, jina yake ya kijiwe ni Sindano, nyumba yake ni ya pili kutoka kwangu. Iko na karatasi mu mukono, ameishika mbali na mwili kama mutu anabeba panya kwa mukia.

— Eh Sindano! Sirene alimupigia kelele. Na bibi yako Saidati iko wapi? Umemuacha kule?

— Iko ku baraza ya dispensari, juu ya mukeka. Nimemwambia angoje.

— Angoje nini?

Dauda alikaa. Nilimumiminia kahawa, hakuishika. Mi nikiona mutu anakataa kahawa yangu, najua kitu imeharibika.

— Munganga anataka kumupasua, alisema.

Tukaweka vikombe chini. Hata Sirene.

— Kumupasua wapi? Musiyé aliuliza.

— Chini. Anataka kutoa nyumba ya mutoto. Yote. Na anasema lazima bwana yake aweke kidole hapa ku karatasi. Bila kidole yangu, yeye hagusi kisu.

— Na lini?

— Leo. Munganga anapita mara moja ku wiki mbili, munajua. Kengele ya misioni ikilia saa sita, anapanda voiture yake, anaenda. Akienda, ni mpaka wiki mbili.

— Na Phocas anasema nini? niliuliza mi.

Phocas ni enfirmiye, musaidizi ya munganga, ndiye anageuza Kifaransa ya munganga kuwa maneno yetu. Ni mutoto ya baba mudogo ya Dauda, donc, basi, ni shemeji ya Saidati kabisa.

— Phocas alinifuata inje. Ananiambia, kaka, damu ni mingi. Wiki mbili hazitafika.

— Basi weka kidole! Unakaa hapa unafanya nini?

— Shangazi, mi nitaweka namna gani kidole ku kitu kama hiyo bila kuuliza wakubwa?

Na akawaangalia wale watatu. Wakubwa! Mi nilicheka, hahaa, lakini fupi. Ilikuwa saa tatu na nusu. Nilisema mu roho: ni sawa, kahawa moja, wanamushauri, anarudi. Dispensari si mbali, mutu anapanda hata uji haujapoa.

Mi nitawaambia ile ugonjwa ilianza namna gani, juu hakuna kitu inapita mu kampi hii bila kupita ku mulango yangu kwanza. Saidati iko na watoto wawili, wasichana. Mutoto ya tatu alikuwa mwanaume, alitoka amekufa, wakati ya maharagi. Tangu siku ile damu haikukata. Mwezi moja, miezi mbili, miezi tatu. Mi namuona anafua nguo asubuhi sana mbele watu hawajaamka, anaanika nyuma ya migomba. Alikuwa mwanamuke ya kunona, ya kucheka, tulikuwa tunapiga kelele naye mpaka mabwana wanafunga madirisha. Alikauka kama samaki ndogo ya kuanika.

— Lakini ulimupeleka, Sindano, Musiyé alisema. Mara tatu mi nilikuona unamupeleka.

— Mara tatu.

— Na walimupa nini?

— Dawa ya minyoo.

— Mara ya pili?

— Dawa ya minyoo.

— Na ya tatu?

— Ya minyoo, na ingine ya kulala.

— Minyoo! mi nikaruka. Minyoo inatoa damu namna ile? We ulimwambia munganga nini?

Dauda aliangalia ziwa.

— Munganga aliuliza inauma wapi. Phocas akageuza. Saidati anaangalia vidole vya miguu. Atasema namna gani, Shangazi? Phocas ni shemeji yake! Atasema vitu za chini mbele ya shemeji? Afazali afe. Donc munganga ananiangalia mi. Na mi naona haya. Mbele ya muzungu, mbele ya mutoto ya baba mudogo... Nikasema, tumbo.

— Tumbo.

— Nikasema tumbo. Ni pale pale karibu.

— Na mara ya pili?

— Aliisoma ku fishi yake, karatasi ya mugonjwa, akaniuliza: bado tumbo? Nikasema ndiyo.

Yoo, Mungu wangu. Karibu! Anasema ni karibu!

— Alikuuliza kitu ingine? Muhamadi aliuliza.

— Aliniuliza: anapika? Nikasema anapika. Anabeba maji? Nikasema anabeba. Anazungumuza na majirani? Nikasema sana, na Shangazi. Akacheka, akamwambia Phocas: wanawake ya hapa wote wanaumwa tumbo wakiona kazi. Huyu ni mwenye afya, ni fikira tu, apewe ya kulala.

— Na sasa amejua namna gani si minyoo?

— Leo Saidati alianguka ku baraza. Masera, mutawa ya misioni, alimuinua, damu ku mukeka ikaonekana. Masera akapiga kelele, munganga akatoka.

Hapo mi nilikaa chini. Nataka niwaambie kitu na musicheke. Mi nilizaa mutoto yangu ya ine kule kule, mutoto ananishinda siku mbili. Munganga, si huyu, ile ingine ya mbele, akauliza maumivu ni nguvu? Enfirmiye akamuuliza bwana yangu, Mungu amuweke pema. Bwana yangu amekaa ku kiti, iko na kofia yake mu mapaja. Akafikiri muzuri. Akajibu: kidogo. Kidogo! Mi nauma kitanda ya chuma, naacha alama ya meno yangu ku rangi, yeye anasema kidogo! Hahahaa! Niliwaambia hii, nikacheka mpaka machozi, na hakuna mutu mwingine alicheka. Na mi mwenyewe sikujua kama machozi ile ni ya kicheko.

— Bon, Musiyé alisema. Tuangalie mambo na akili. Ugonjwa inatoka wapi? Ukijua inatoka wapi, unajua kama kisu inafaa.

— Mi najua inatoka wapi, Sirene alisema. Saidati alienda ku maji moto, kule ziwa inachemuka. Mi nilimuona na macho yangu, mbele ya mimba. Alikaa mu maji. Ile maji inatoka chini ya volkano, bwana! Inapanda, inaingia, inapika kila kitu. Ile nyumba ya mutoto imeiva.

— Bibi zote za Gisenyi wanakaa mu maji moto! nikamwambia.

— Na wanazaa wasichana tu! Hesabu!

— Mi nilikaa, nikazaa wanaume ine, nilisema.

— We Shangazi, hata volkano inakuogopa.

Mzee Muhamadi aliweka kikombe chini polepole.

— Ndiyo, lakini, alisema. Si maji. Ni mashini.

— Mashini gani?

— Mashini ya kushona. Mi nimepita mara ngapi naona Sindano anakata nguo na Saidati iko ku mashini, anakanyaga. Anakanyaga, anakanyaga, tangu asubuhi. Mwanaume akikanyaga hakuna kitu, chini yake ni mifupa tupu. Mwanamuke chini yake kuna kitu inaninginia. Ikitikiswa inakatika.

Dauda aligeuka rangi.

— Yeye mwenyewe alitaka kunisaidia. Wakati ya Idi nguo ni mingi.

— Mi sisemi ni we, mwanangu. Nasema ni kanyagio.

— Mzee, na mama za Busasamana wanabeba viazi kilo makumi tatu mu mulima na mimba ya miezi nane, hiyo haitikisi? mi nikauliza.

— Ndiyo, lakini wale hawakuzoea kukaa.

Nikamimina tena. Jua ilikuwa imefika ku jiwe la pili.

Sasa Musiyé akaweka ile kidole yake ndogo juu, nikajua inakuja kubwa.

— Nyinyi munasema maji, munasema mashini. Mi nilikaa mu nyumba ya wazungu. Mi nawaambia kitu moja, na musiseme nje. Madamu yangu ya kwanza, miaka saba hakuzaa. Saba! Kila siku analia juu ya sahani, supu inabaki. Bon. Akaenda Bulaya, akakaa mwaka moja. Alirudi na nini?

— Na nini?

— Na mutoto. Mweupe, munene, na macho ya bulu. Donc mi nauliza: alitoa wapi nyumba ya kumubeba?

Sirene alifungua kinywa mpaka nikaona kahawa ndani.

— Unataka kusema...

— Mi sisemi. Nauliza tu. Hapa wanatoa, kule wanaweka. Mbona ya Saidati anataka kuitoa yote? Mutu akiwa na kidonda ku muguu, wanatoa kidonda, wanakuachia muguu. Yeye anasema yote!

— Mu sanduku na barafu! Sirene alilia, sauti ile yake, watu wakatoka mu milango. Mi nimebeba sanduku namna hiyo ku mashua! Nzito! Wanasema ni samaki!

— Ilinuka samaki? nikauliza.

— Ilinuka samaki.

— Basi ni samaki, mupumbavu we!

— Ndiyo juu ya kuficha!

Hahahaa! Nilicheka, nisidanganye. Mwanaume muzima anaona samaki, ananusa samaki, anasema ni tumbo ya mwanamuke. Lakini nikaangalia Dauda. Dauda hakucheka. Ameshika karatasi na mikono mbili, ananong'ona: yote. Alisema yote.

— Sindano, nilimwambia, usisikie hawa. Huyu ni mupishi na huyu ni mubeba mizigo. Hata kuku, mimi ndiye naipasua hapa, wao wanafunga macho. Simama.

— Shangazi, wakiitoa yote, mi nitapata wapi mutoto mwanaume?

Na pale nikaelewa. Saa zote tunasema maji, mashini, madamu, yeye iko na neno moja tu mu kichwa.

— We iko na bibi anatoka damu ku baraza.

— Najua.

— Na wasichana wawili mu nyumba yangu, wamekunywa uji bila kuuliza mama.

— Najua, Shangazi. Lakini baba yangu mi nilikuwa mutoto wake moja.

— Kuna kitu kubwa kupita hiyo, mzee Muhamadi alisema. Mi nimengoja museme, hamusemi. Kidole.

— Kidole namna gani, mzee?

— Mwanaume akiweka kidole ku karatasi, anampa mutu kitu yake. Ukiuza ngozi kwa Muhindi, unaweka kidole, ngozi si yako. Ukiuza shamba, unaweka kidole, shamba si yako. Sasa unaweka kidole, mwanaume mwingine aone bibi yako uchi, amufungue, amuguse ndani. Bibi ni ya nani kutoka pale?

Mzee Muhamadi alikunywa kahawa kidogo.

— Mi sisemi ni talaka, alisema. Lakini iko karibu sana na talaka. Labda akipona utamuoa tena, na mashahidi. Mi nitakuja.

— Mzee! nikasema. Mutu anakufa, we unapanga harusi?

— Ndiyo, lakini sheria haingoji mutu apone.

— Na munganga huyu huyu alitoa dawa ya minyoo mara tatu, ile ilikuwa sheria gani?

— Ile hakuona. Ndiyo uzuri yake.

Mi nilitafuta kitu ya kumurushia, niliona tu birika. Nikaiacha, ni birika yangu moja.

Sirene naye hakutaka kubaki nyuma. Alisema mashua ikiwa katikati ya ziwa huwezi kuifungua chini kuona kama inavuja. Ukifungua ndiyo inazama. Wacha ivuje, utaifunga ukifika. Musiyé akamuuliza: na ikivuja mbele ya kufika? Sirene akasema: ile ni mambo ya kapiteni. Na kapiteni ni nani? Wote wakaangalia Dauda.

— Leta hiyo karatasi niisome, Musiyé alisema. Pengine imeandikwa ingine kabisa.

Aliishika mbali na macho, akaileta karibu, akaigeuza.

— Hapa wameandika «mari». Ni bwana. Bon. Hapa ni jina yako: Dauda. Hapa tena Dauda. Hapa ni pa kidole.

— Na jina ya Saidati?

Alitafuta. Kidole ndogo ilitembea juu ya karatasi, ikarudi.

— Haiko.

— Namna gani haiko? Yeye ndiye wanapasua!

— Wameandika «femme de Dauda». Ni bibi ya Dauda. Inatosha, we iko na bibi moja.

— Na hii mingine yote?

— Hii mingine ni Kifaransa ya wanganga. Hata madamu yangu hakuijua.

Basi miaka kumi na moja mu jikoni ya wazungu, anajua kusoma bwana na bibi. Na sisi wote tumekaa tunamusikiliza kama ni padiri.

Sasa nitasema haya yangu, juu mutu asidhani mi nawasema wengine tu. Niliweza kusimama. Miguu yangu iko. Niliweza kupanda kule, kukaa na ule mwanamuke ku mukeka, kumushika mukono. Lakini nilikuwa natamani kusikia. Ndiyo. Natamani kusikia Musiyé atasema nini tena, Sirene atajibu nini, nitamwambia rafiki yangu Donatha nini jioni ku ziwa. Nilimimina kikombe ya tatu, nikamimina ya ine. Kijiwe ikiwa tamu namna ile, mutu anasahau kama wanamusema mutu wa kweli, mwenye anangoja.

Nilipoangalia kivuli, ilikuwa imeingia chini ya ubao.

— Saa ngapi? nikauliza.

Sirene aliangalia jua.

— Saa sita inakaribia.

Nilisimama mpaka ubao ikaruka upande ya pili na Muhamadi karibu aanguke. Nikamushika Dauda mukono.

— Kidole!

— Shangazi, hakuna wino. Wino iko kule ku dispensari, kisanduku...

— Wino gani! Leta!

Niligeuza birika, chini yake ni nyeusi, ni masizi ya miaka kumi. Nikabandika kidole yake pale, moto moto, akalia «ayii!», nikaibandika ku karatasi. Ikatoka. Kubwa, nyeusi, imeharibika pembeni, lakini ni kidole. Mutu yeyote anaona ni kidole.

— Kimbia!

Alikimbia. Sijamuona fundi anakimbia namna ile, kanzu ameishika na meno. Na kengele ya misioni ikaanza. Ngaa. Ngaa. Sisi tumesimama ku njia, tunamusukuma na macho. Alikuwa amefika ku nyumba ya mwisho, pale njia inapinda.

Na voiture ikatokea.

Inashuka, polepole, na vumbi yake nyuma. Dauda akasimama katikati, akainua karatasi juu, anaitikisa: Munganga! Munganga! Iko hapa! Nimeweka! Voiture ikamuzunguka. Na tuliona sisi wote, mi niliona muzuri, mukono mweupe ikatoka ku dirisha, ikamupungia. Namna ile wanapungia watoto ya njia wakisalimu. Ikapita mbele ya kijiwe yetu, munganga ndani amevaa miwani, akatupungia na sisi. Na Musiyé, juu ya mazoea ya miaka kumi na moja, akatoa kofia.

Nilimupiga ile kofia ikaanguka mu vumbi. Aliinama, akaiokota.

Dauda alirudi anatembea. Karatasi iko mu mukono. Alikaa pale pale alipokaa. Sirene alimuwekea mukono ku bega, na kwa mara ya kwanza nilisikia Sirene anasema polepole.

— Wiki mbili si mingi, ndugu.

— Phocas alisema hazitafika.

— Phocas si munganga.

— Mungu iko, Muhamadi alisema, na hakuweka lakini.

— Tuvuke Goma, nikasema mi. Kule kuna wanganga ingine.

— Nani atamubeba? Musiyé aliuliza. Na ku mupaka watauliza karatasi.

— Watauliza ya nani?

— Ya bwana.

Tunakaa vile, na mwanamuke mumoja anakuja, anatoka upande ya dispensari. Hatumujui. Mama ya milima, miguu iko na udongo nyekundu, kitunga tupu ku kichwa. Alisimama mbele yetu, akasalimu na heshima, Kiswahili yake ni ya kutafuta tafuta.

— Hapa ni kwa Dauda, fundi?

— Ndiye huyu. Na we ni nani, mama?

— Mi ni Mukamazimpaka, ya Busasamana. Nilipeleka viazi kwa masera. Kuna mwanamuke kule ku baraza, amelala ku mukeka. Aliniita. Sauti yake ni kidogo sana, nikainama. Ananiambia: ukishuka, kuna kijiwe ya Shangazi, bwana yangu iko pale.

Alijua. Hakuna mutu alimwambia, lakini alijua tumekaa wapi na tunafanya nini.

— Anasemaje? Dauda aliuliza.

Yule mama alitoa kitunga ku kichwa, akaishika mbele yake na mikono mbili, kama mutoto ya kilasi anasema somo, anaogopa kukosa.

— Anasema: munganga alimuita bwana yangu ndani, akamwambia. Mi niliachwa inje. Enfirmiye nilimuonea haya kumuuliza, ni shemeji. Masera hajui Kiswahili wala Kinyarwanda. Munganga ameenda, nimeona voiture. Basi nenda umuulize bwana yangu, na wakubwa wenye iko naye: mi naumwa na nini?

Dauda alikunja karatasi. Aligeuka kwa Musiyé. Musiyé anapangusa kofia. Akageuka kwa Sirene, Sirene anaangalia ziwa kama mashua yake inaondoka. Mzee Muhamadi anahesabu tasbihi, vidole vinatembea, midomo haitembei.

— Munganga hakukuambia jina yake? nilimuuliza Dauda.

— Sikuuliza, Shangazi. Aliposema yote, mi sikusikia ingine tena.

Na mi? Mdomo hii, yenye inajulikana mpaka Mbugangari, ilitafuta neno moja, hata ya uongo, neno ya kumupelekea mwanamuke mwenye nilikuwa nacheka naye. Haikupata.

Kule mu nyumba yangu wasichana wawili wa Saidati walikuwa wanacheza na vifuniko vya sufuria.

Mukamazimpaka alingoja. Ni watu ya milima, wanajua kungoja, hawasukumi mutu. Halafu aliinama kidogo, akatuangalia moja moja, bila hasira, kama anadhani pengine Kiswahili yake haikutosha.

— Nimemuahidi nitarudi, alisema. Nimwambie nini?